Waya Mweusi si Nyutro: Istilahi za Umeme na Kidhibitijoto Kipya katika Nyumba za Kale za Mombasa

Ikisiri

Kidhibitijoto mahiri ni kifaa kinachopima joto la chumba, kikawasha au kuzima mtambo kwa kufuata kiwango alichokichagua mwenye nyumba, na kupokea amri kwa njia ya simu. Katika nchi za baridi kifaa hiki hufungwa kwenye boila la kupashia nyumba moto. Mombasa huhitajika zaidi kwa pangaboi na kiyoyozi. Popote kinapoingizwa katika nyumba ya zamani hukumbana na tatizo lile lile: nyaya mbili zilizoitosha swichi ya kale hazikitoshi. Makala haya yanalieleza tatizo hilo kwa Kiswahili, yakitumia nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa kama mfano. Yanadai kwamba istilahi za umeme zinapaswa kutaja kazi ya kitu, wala zisitegemee rangi wala umbo lake, kwa kuwa mtu anayelijua jina pasi na kuijua kazi anaweza kupoteza maisha yake.

1.0 Utangulizi

Historia ya umeme nchini Kenya ina mizizi yake pwani. Mwaka 1875 Sultani Barghash wa Zanzibar alipata jenereta ya kuangazia kasri lake na njia zilizo karibu. Mwaka 1908 jenereta hiyo ilichukuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na ikawa chanzo cha kampuni ya kwanza ya kusambaza umeme kisiwani. Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ile ya Nairobi kuunda East African Power and Lighting, ambayo tangu 1983 imejulikana kama Kenya Power and Lighting. Kwa hivyo kisiwa cha Mombasa kimeishi na umeme kwa zaidi ya miaka 100.

Umri huo una gharama yake. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zilijengwa kabla ya umeme, kisha zikatiwa nyaya kwa awamu: taa kwanza, pangaboi baadaye, soketi na kiyoyozi mwisho. Kila awamu iliwekwa juu ya iliyotangulia. Mkaazi wa leo anaponunua kidhibitijoto kipya, analeta kifaa kilichobuniwa kwa nyumba ya aina nyingine kabisa, chenye maelezo ya lugha nyingine, na kumkabidhi fundi. Fundi na mwenye nyumba huzungumza Kiswahili. Je, Kiswahili chao kina maneno ya kutosha kuifanya kazi hiyo kwa usalama? Hilo ndilo swali linaloongoza makala haya.

2.0 Nyumba Inayojidhibiti

Kabla ya kukieleza kifaa kipya ni vyema kukumbuka kwamba nyumba ya kale yenyewe ilibuniwa kudhibiti joto. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta. Hewa yake ina unyevu mwingi, na miezi ya joto kali ni Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi. Kusi inapovuma, hasa Julai na Agosti, joto hupungua. Mjenzi wa zamani hakuwa na shida ya kupasha nyumba moto. Shida yake ilikuwa kuzuia jua na kukaribisha upepo.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa takriban nusu mita. Ukuta mzito kiasi hicho huchelewa kupata joto mchana na huchelewa kulitoa usiku, hivyo mabadiliko ya nje hayafiki ndani kwa ghafla. Boriti za mikoko zilizobeba dari zilikiwekea chumba upana wa karibu mita 3, lakini urefu wa kwenda juu uliachwa mkubwa ili hewa moto ipande. Vichochoro vyembamba vilizipa kuta kivuli. Madirisha ya vibao vya mlalo na roshani za mbao ziliruhusu upepo kupita huku zikizuia jua na macho ya wapita njia.

Katika mfumo huo, aliyedhibiti joto alikuwa mtu. Alijua saa ya kufunga dirisha la upande wa jua na saa ya kufungua la upande wa bahari. Elimu hiyo ilihifadhiwa katika msamiati: kusi, kaskazi, matlai, umande, daka, baraza, ukumbi, roshani. Kila neno kati ya hayo humwambia mtu jambo la kufanya. Asiyejua kusi inatoka wapi hawezi kujua dirisha lipi lifunguliwe.

3.0 Kutoka kwa Mtu hadi kwa Mashine

Majina ya vyombo vya kupoza yanaonyesha jinsi kazi ilivyohama kutoka mkononi mwa mtu hadi kwenye mashine. Upepeo, kwa jina lake, ni kifaa cha kupepea, na mkono ndio unaokiendesha. Pangaboi lina historia ndefu zaidi. Asili yake ni neno la Kihindi la kitambaa au ubao mkubwa ulioning'inizwa darini, likaunganishwa na neno la Kiingereza la mtumishi aliyeuvuta kwa kamba. Jina lililokuwa la mtu likahamia kwa mashine iliyompokonya kazi. Leo tunasema pangaboi linazunguka, wala hatumkumbuki tena yule aliyevuta kamba.

Neno stima nalo lilihusu meli ya mvuke, yaani chombo kinachoendeshwa na boila. Nchini Kenya neno hilo limekuja kumaanisha umeme. Kwa hivyo Mkenya anaposema stima imepotea, ametaja mvuke bila kujua. Mifano hii inathibitisha kwamba Kiswahili hakikungoja kamati ili kuupokea ufundi mpya.

Lakini kuna njia ya pili ya kuunda maneno, nayo hutegemea sarufi: kiambishi ki-, kisha kitenzi, kisha nomino. Hivyo tuna kipimajoto, kinasasauti na kipazasauti. Kwa kufuata kanuni hiyo, makala haya yanatumia kidhibitijoto. Tofauti kati ya kipimajoto na kidhibitijoto si ndogo. Cha kwanza husoma hali na kuitangaza. Cha pili husoma hali kisha hutenda. Mgonjwa hupimwa kwa kipimajoto, nacho hakimponyi.

Kuhusu sifa ya kifaa kipya, kuna maneno matatu yanayoshindana. Janja limezoeleka katika simu janja, lakini ujanja una harufu ya hila. Erevu linafaa kimaana, ila upatanisho wake katika ngeli ya ki-/vi- hutoa cherevu, ambalo huwatatiza wasemaji wengi. Mahiri halibadiliki kwa ngeli, na linasifu ustadi bila kuleta shaka. Ndiyo maana tumelichagua.

4.0 Kwa Nini Kidhibitijoto Mahiri Hukosa Umeme

Kidhibitijoto cha zamani ni swichi inayoguswa na joto. Ndani yake mna utepe wa metali mbili zilizogandamizwa pamoja. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti, hivyo joto linapobadilika utepe hupinda, ukaunganisha au kukata njia ya umeme. Aina nyingine hutumia mrija mwembamba wenye kimiminika au gesi inayotanuka. Viyoyozi vingi vya dirishani vya miaka iliyopita vilikuwa na mrija wa namna hiyo nyuma ya kitufe cha kuzungusha. Aina zote mbili hazihitaji umeme kwa ajili yake zenyewe. Umeme hupita ndani yake kama mgeni apitavyo ukumbini, ukaenda unakokwenda.

Kidhibitijoto mahiri ni tofauti. Kina kioo cha kuonyesha, kichakataji na redio ya kuwasiliana na intaneti. Vyote hivyo vinahitaji umeme kila wakati, hata mtambo unapokuwa umezimwa. Ili kifaa chochote kipate umeme, lazima kuwe na njia ya kuja na njia ya kurudi. Swichi ya zamani ina njia ya kuja na njia ya kuendelea mbele. Njia ya kurudi haipo hapo.

Tuanze na boila, kwa kuwa huko ndiko kifaa kilikozaliwa. Nyumba za nchi za baridi hupashwa moto kwa maji yanayochemshwa katika boila na kuzungushwa kwenye mabomba. Ukutani huwa na kidhibitijoto kilichounganishwa na boila kwa nyaya mbili tu. Marekani na Kanada nyaya hizo kwa kawaida hubeba volti 24. Uingereza mara nyingi hubeba volti 230, ambazo zaweza kuua. Kidhibitijoto mahiri kikifungwa hapo hutafuta waya wa tatu wa kukirudishia umeme wake, kisiuone.

Sasa tuje Mombasa. Pangaboi la nyumba ya kale lina swichi ukutani. Katika ufungaji wa Kiingereza uliorithiwa Kenya, waya wa moto na wa kurudi mara nyingi huletwa kwanza darini, pale pangaboi linaponing'inia. Kutoka hapo nyaya mbili hushushwa hadi kwenye swichi: mmoja huleta moto, mwingine huurudisha juu ukiwa umeruhusiwa au umekatwa. Waya wa kurudi kwenye chanzo hubaki darini. Umbo la tatizo ni lile lile la boila, ila hapa volti ni 240.

Baadhi ya vifaa hujaribu kulitatua tatizo hili kwa kuiba umeme kidogo. Pangaboi au taa inapokuwa imezimwa, kifaa hupitisha mkondo mdogo sana kupitia kwayo ili kijilishe. Zamani hila hiyo ilifaulu. Taa ya wati 60 kwenye volti 240 hutumia mkondo wa ampea 0.25, hivyo mkondo mdogo wa wizi haukuweza kuiwasha. Taa ya LED ya wati 6 hutumia takriban ampea 0.025, moja ya kumi ya ile. Mkondo ule ule wa wizi sasa unatosha kuifanya imetemete usiku kucha. Pangaboi nalo laweza kuvuma bila kuzunguka.

5.0 Waya Mweusi: Alama na Muktadha

Hapa ndipo lugha inapoingia kwa uzito wake wote. Mafundi wana majina matatu ya msingi: laivu, yaani waya wa moto, nyutro, yaani waya wa kurudi, na athi, yaani waya wa ardhi. Katika ufungaji wa zamani laivu ilikuwa nyekundu, nyutro nyeusi na athi kijani. Katika ufungaji wa sasa laivu ni kahawia, nyutro ni buluu, na athi ni kijani chenye mstari wa manjano. Mtu aliyekariri orodha hiyo hudhani anajua kusoma nyaya.

Tuwazie mazungumzo haya katika nyumba ya Kibokoni, baina ya bibi mwenye nyumba na fundi kijana aliyefungua swichi ya pangaboi:

– Mwanangu, huo mweusi si ndio wa kurudi? Nimesikia mwekundu ni moto, mweusi ni baridi.

– La, bibi. Hapa swichini mwekundu ni moto unaoshuka, na mweusi ni moto unaopanda kwenda kwa pangaboi. Wa kurudi uko juu darini.

– Basi hapa zote mbili ni moto?

– Ukiwasha, zote mbili, bibi.

Fundi huyu anajua kazi yake. Kebo iliyoshushwa hadi kwenye swichi ilikuwa na waya mwekundu na mweusi kwa sababu kebo ziliuzwa hivyo, lakini mahali hapo mweusi hafanyi kazi ya nyutro. Hatari zaidi ni kwamba kosa hili hujificha. Swichi ikiwa imezimwa, kalamu ya kupimia ikigusishwa kwenye waya mweusi kwa kawaida haiwaki, na mpimaji huona amethibitisha dhana yake. Swichi ikiwashwa, waya ule ule una volti 240.

Mwanafunzi wa fasihi atalitambua jambo hili mara moja. Alama haina maana yenyewe peke yake. Maana hutokana na mahali ilipo na uhusiano wake na alama nyingine. Neno ua katika shairi laweza kuwa la bustanini au la uani, na msomaji hungoja mshororo wote kabla ya kuamua. Weusi wa waya nao husomwa pamoja na njia yote ya umeme, kuanzia fyuzi hadi pangaboi. Tofauti ni kwamba msomaji wa shairi akikosea hupoteza maana tu.

6.0 Njia za Kukipatia Kifaa Umeme

Njia ya kwanza, iliyo bora pale inapowezekana, ni kuvuta waya wa kurudi kutoka darini hadi kwenye swichi. Katika nyumba ya matumbawe waya huo haufai kuchimbiwa mfereji ukutani. Kuchimba hudhoofisha mawe, na kuziba kwa saruji hunasa unyevu ambao chokaa ingeuruhusu kutoka. Waya upitishwe juu ya ukuta ndani ya mfereji wa plastiki, au ndani ya bomba la zamani kama lina nafasi. Isitoshe, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na turathi za Kenya zinalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya Taifa ya 2006. Ni busara kuiona ofisi ya hifadhi kabla ya kubadili kuta.

Njia ya pili ni kuuhamisha ubongo wa kifaa. Badala ya kuuleta waya wa kurudi chini, sehemu inayowasha na kuzima hufungwa juu darini, ambako nyaya zote zipo. Ukutani hubaki kipimio na vitufe vinavyotumia betri na kuwasiliana na sehemu ya juu kwa redio. Hivi ndivyo wafanyavyo wengi wenye boila kuukuu: kipokezi hufungwa kando ya boila, penye umeme wa kudumu, na kidhibitijoto cha betri huwekwa chumbani. Kwa nyumba ya Mji wa Kale njia hii huuacha ukuta salama. Izingatiwe tu kwamba ukuta wa nusu mita wenye unyevu hudhoofisha mawimbi ya redio, hivyo kipokezi na kipimio vikae chumba kimoja.

Njia ya tatu ni transfoma ndogo inayochomekwa kwenye soketi na kukipa kidhibitijoto volti ndogo kwa waya wake wenyewe. Hufaa kwa vidhibiti vya volti 24, kama vile vya mitambo mikubwa ya kupoza hewa. Kiyoyozi cha kawaida cha vipande viwili hakihitaji hata hilo. Kina kidhibitijoto chake ndani, na kifaa kipya huiga tu rimoti yake kikiwa kimechomekwa kwenye chaja ya volti 5.

Kuna pia njia mbili za uongo, na ni wajibu kuzitaja. Moja ni kuazima nyutro ya njia nyingine ya umeme ndani ya nyumba. Fyuzi ya njia moja ikitolewa, waya unaodhaniwa umekufa huweza kubaki na moto kupitia njia ya pili. Ya pili ni kutumia athi kama njia ya kurudi. Kifaa kitawaka, na ndiyo sababu hila hii huvutia. Lakini athi ipo ili kubeba umeme uliopotea njia, mfano pale ambapo waya wa moto umegusa bati la friji. Ikigeuzwa kuwa njia ya kila siku, kisha ikakatika mahali, kila chombo cha metali kilichoungwa nayo huweza kushika moto. Katika nyumba ambamo hewa ya chumvi imekula viungio kwa miaka mingi, kukatika huko si jambo la kufikirika tu.

Kazi ya nyaya nchini Kenya hufanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, iliyoundwa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Na jamaa zetu waliohamia Uingereza wakumbuke kwamba kazi ya boila la gesi ni ya fundi aliyesajiliwa katika Gas Safe Register, iliyoanza 2009.

7.0 Istilahi Itokane na Kazi

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, waya wa kurudi ulitwae jina hilo pamoja na nyutro. Nyutro humsaidia fundi kusoma kifaa kilichotoka ng'ambo, lakini waya wa kurudi humweleza mwenye nyumba kazi yake. Pili, ule waya mweusi wa swichini, ambao ndio chanzo cha ajali, unastahili jina lake wenyewe. Moto wa kupanda, kama alivyousema fundi wetu wa kuwazia, ni jina fupi na lenye picha. Moto wa swichi nalo lingefaa. Kilicho muhimu ni kwamba neno moto lisikosekane. Tatu, athi ielezwe daima kama waya wa kinga, ili mtu asishawishike kuuazima.

Mapendekezo haya hayapingi usanifishaji. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo vyombo vya lugha vimetoa istilahi nyingi za sayansi, ikiwemo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990. Kazi hiyo ina heshima yake. Hata hivyo, istilahi ya kamusi hukutana na mwanafunzi darasani, ilhali ya karakana hukutana na mtu aliye juu ya ngazi mwenye bisibisi mkononi. Ndia Kuu imebaki Ndia Kuu, kwa Kimvita chake, kwa sababu waipitao kila siku ndio wanaoiita hivyo. Mwanaistilahi wa Kiswahili angefanya vyema kuanzia karakana, akasikiliza, ndipo arudi kwenye kamusi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kidhibitijoto mahiri hushindwa katika nyumba ya kale kwa kukosa njia ya kurudishia umeme, na kwamba tatizo la boila la ng'ambo na la pangaboi la Mombasa ni moja. Yameeleza njia tatu halali na mbili za uongo. Aidha, yamedai kwamba jina la waya litokane na kazi ya waya. Wanafunzi wa Kiswahili huulizwa mara kwa mara kama lugha yetu inaweza kueleza sayansi. Jibu liko katika maelezo ambayo bibi wa Kibokoni anaweza kuyafuata kutoka mwanzo hadi mwisho, akajua ni waya upi asiuguse.

Maswali ya Mjadala

1. Fafanua tofauti ya kimaana kati ya kipimajoto na kidhibitijoto, kisha uunde maneno mengine matatu kwa kanuni hiyo hiyo.
2. Linganisha janja, erevu na mahiri kama sifa za vifaa. Lipi lingekubalika zaidi katika lahaja yako?
3. Kusanya majina wanayotumia mafundi umeme wa mtaa wako kwa laivu, nyutro na athi. Ni yapi yanayotaja kazi, na ni yapi yanayotaja rangi?
4. Eleza, kwa maneno yasiyozidi 100 na bila kuchora, kwa nini waya mweusi wa swichini huweza kuonekana baridi na baadaye ukawa moto.